Kikohozi Baada ya Mionzi ya Kifua

Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie mafua na saratani, ila nitabaki kwa mtu mmoja tu: yule aliyepigwa mionzi kifuani, akarudi nyumbani Mtwara, kisha akaanza kukohoa.

Mionzi ya kifua hupewa wenye saratani ya mapafu, ya umio, hata ya titi. Kwa saratani ya mapafu, mpango uliozoeleka ni grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 30, siku tano kwa wiki. Hizo ni wiki sita za kukaa Dar es Salaam, pale Ocean Road, hospitali ya saratani, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Mionzi hulengwa kwenye saratani, lakini haiwezi kuifikia bila kugusa pafu lililo zima. Hujeruhi kuta za vifuko vya hewa, hudhoofisha vinyweleo vinavyosukuma makohozi, na huua limfositi, chembe za damu zinazopambana na virusi. Ndiyo maana mafua ambayo kwa mjukuu ni kamasi tu, kwa bibi yake yanaweza kushuka yakawa nimonia.

Sasa ugumu wenyewe. Mionzi peke yake, bila kirusi chochote, inaweza kuvimbisha mapafu, mara nyingi kati ya mwezi mmoja na miezi sita baada ya matibabu kwisha. Kikohozi kikavu, kuhema, homa ndogo. Ni zilezile dalili za virusi! Hata kwenye CT, ile picha ya ndani ya kifua, Uviko-19 na madhara ya mionzi vinaweza kufanana. Na dawa zinapishana. Mapafu yaliyovimba kwa mionzi hutibiwa kwa prednisoloni, wiki kadhaa, dozi ikishushwa polepole. Dawa hiyo hushusha kinga, kwa hiyo daktari hutaka kwanza kujua kama kuna maambukizi. Antibiotiki nazo, ambazo sisi tunakimbilia dukani, haziui kirusi wala haziondoi uvimbe wa mionzi. Kupima makohozi kwa kifua kikuu ni sawa kabisa, ila majibu yakiwa safi msiishie hapo.

Mganga wa zahanati hawezi kubuni. Mwambieni: “Nilipigwa mionzi kifuani, nikamaliza mwezi fulani.” Mpeni na karatasi ya hospitali. Wengi hunyamaza kwa kuwa miezi mitatu imepita, kumbe huo ndio wakati wenyewe.

Aliye bado kwenye vipindi akipata homa, aseme siku hiyohiyo, na asijikatishie tiba. Mapumziko marefu huipa saratani nafasi ya kukua tena. Wakati wa Uviko-19, kuna vituo vilivyoendelea kuwatibu wenye maambukizi mepesi kwa kuwapanga mwisho wa siku, baada ya wenzao kuondoka. Chanjo ya mafua ikipatikana, mgonjwa achanjwe, na wanaoishi naye pia.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho. Salfa si kirusi, mama, lakini vumbi lake hukera njia ya hewa. Siku za kupuliza, mgonjwa asiende shamba. Ila akikohoa msimu huo msisingizie salfa mkangoja upite: akihema hali amekaa tu, au midomo ikibadilika rangi, mleteni hospitali ya Ligula siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.