Kinyongo cha Kigali: Sudan Kusini, timu iliyojengwa ugenini

OTIENO: Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha kikapu. Mimi Otieno, niko Nairobi, mwenzangu Mwanaisha yuko Mombasa. Leo ni Sudan Kusini. Lakini kabla hatujaenda mbali, dada, nina kinyongo lazima nikiteme.

MWANAISHA: Usiniambie ni Kigali.

OTIENO: Ni Kigali.

MWANAISHA: Otieno! Hiyo ni 2021. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo sasa anajifunga viatu mwenyewe.

OTIENO: Ajifunge. Mimi nikifumba macho naiona mechi yote. Morans, timu ya taifa ya Kenya, hatukuwa tumekanyaga AfroBasket, kombe la kikapu la Afrika, tangu 1993, mwaka tuliokuwa wenyeji tukamaliza wa nne. Miaka 28! Mwezi wa Februari kule Yaoundé, Tylor Ongwae akatufungulia njia na ule mtupo wa sekunde ya mwisho, 74 kwa 73, tena dhidi ya Angola, waliokuwa mabingwa wa Afrika mara 11 wakati huo. Tukaenda Kigali, tukampiga Mali. Halafu kwenye mchujo wa kuingia robo fainali tunakutana na nani? Sudan Kusini. 60 kwa 58. Tukafunga virago.

MWANAISHA: Kikapu kimoja tu.

OTIENO: Kikapu kimoja! Na hawa watu tulikuwa tumewashinda hapa hapa Nyayo, Januari 2020, kwenye mechi za awali za kufuzu. Kocha wao siku hizo alikuwa Luol Deng mwenyewe. Misimu 15 NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, All-Star, yaani kwenye mechi ya nyota wa ligi, mara mbili, rais wa shirikisho la kikapu la nchi yake, na ndiye anayeomba muda wa mapumziko. Tukawatoa.

MWANAISHA: Sasa wale waliotolewa Nyayo walifikaje Kigali? Wasikilizaji watashangaa.

OTIENO: Korona. Aljeria ilijitoa, nafasi ikabaki wazi, Sudan Kusini wakaitwa. Wakaingia kwa mlango wa uani, wakakalia kochi la sebuleni. Hiyo ilikuwa AfroBasket yao ya kwanza kabisa, na Tunisia iliyowatoa robo fainali ndiyo iliyobeba kombe.

MWANAISHA: Haya, umetema. Sasa niruhusu nirudi nyuma, maana watu wengi wanaanzia hadithi hii London 2024. Mimi naanzia kwa Manute Bol.

OTIENO: Mita 2.31.

MWANAISHA: Mita 2.31, Mdinka, mchunga ng'ombe. Alianza NBA mwaka 1985 na Washington Bullets, na msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397. Watu walimlipia tiketi wamshangae urefu, yeye pesa akazipeleka kwa watu wake waliokuwa vitani. Sasa sikiliza hapa. Baba yake Luol Deng alikuwa waziri Sudan, vita vikachacha, familia ikakimbilia Misri. Kule Misri ndiko Luol, mtoto mdogo, alikokutana na Manute Bol, na Manute ndiye aliyemshikisha mpira.

OTIENO: Kumbe kamba ni moja.

MWANAISHA: Ni moja, na imefungwa fundo nje ya nchi. Manute alifariki Juni 2010. Sudan Kusini ikapata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Hakuiona bendera ikipanda. Na Deng mwenyewe, kwa kuwa Waingereza waliipa familia yake hifadhi akakulia kusini mwa London, Olimpiki ya 2012 alichezea Uingereza. Nchi yake wakati huo ilikuwa haijaingia hata FIBA, shirikisho la kikapu la dunia; iliingia mwisho wa 2013.

OTIENO: Ndiyo maana ile mechi ya London ilinigusa. Julai 2024, ukumbi wa O2, mechi ya kirafiki dhidi ya Marekani. Deng anarudi mji aliokulia kama mkimbizi, nyuma yake timu nzima.

MWANAISHA: Usinikumbushe. Mimi niliitazama kwenye simu, nimekaa barazani kwa shangazi, Majengo. Wajomba walikuwa wanacheka: "Mwanaisha, hawa watachinjwa." Kidogo kidogo Sudan Kusini wanaongoza. Wakafika pointi 16 mbele. Baraza ikajaa. Hata muuza kahawa akaweka dele chini.

OTIENO: Carlik Jones siku hiyo alitisha. Pointi 15, ribaundi 11, pasi za kikapu 11. Dhidi ya LeBron, Curry na wenzao!

MWANAISHA: Dakika za lala salama, Sudan Kusini wako mbele kwa pointi moja. 100 kwa 99. LeBron ana mpira. Bando ikaisha.

OTIENO: Acha!

MWANAISHA: Wallahi. Kile kiduara kinazunguka, watu wote wananitazama mimi kama vile nimepoteza mpira mwenyewe. Mjomba mmoja akanirushia hotspoti, tunaingia tena, tunakuta 101 kwa 100. LeBron alishapita katikati na kuuweka, zikiwa zimebaki sekunde nane. Hakuna aliyesema kitu. Muuza kahawa akachukua dele lake akaenda zake.

OTIENO: Wengi waliiona ile kama bahati. Haikuwa bahati. Kufuzu Kombe la Dunia 2023 walicheza mechi 12, wakashinda 11. Kule Manila, Puerto Rico waliwafunga kwenye muda wa nyongeza, Serbia wakawatandika kabisa, lakini China wakala 89 kwa 69, Ufilipino wakafungwa kwao mbele ya watu wao, kisha Angola 101 kwa 78. Hiyo ya Angola ndiyo iliyowapa tiketi ya Olimpiki ya Paris kama timu bora ya Afrika. Nchi ya miaka 12.

MWANAISHA: Na kocha wao alikuwa Royal Ivey, Mmarekani aliyekuwa kocha msaidizi wa Houston Rockets ya NBA, rafiki wa Deng tangu zamani. Hapo ndipo swali langu lilipo, Otieno, na sitaki uniruke. Timu hii imesimama juu ya simu ya mtu mmoja. Deng anampigia rafiki awe kocha. Deng analipa kambi na hoteli kutoka mfukoni. Walipokuwa wanakwenda Paris, Juba haikuwa na ukumbi wa ndani wa kuchezea mechi ya kimataifa. Vijana wanacheza nje, kwenye saruji, mvua ikinyesha mazoezi yamekwisha. Deng akichoka je?

OTIENO: Nakubali nusu. Lakini angesubiri serikali imjengee ukumbi kwanza, tungekuwa bado tunasubiri. Alianza na kilichokuwepo, na kilichokuwepo ni watu. Watu wako wapi? Australia, Marekani, Kanada, Kampala, hapa kwetu. Akawafuata huko huko.

MWANAISHA: Na Carlik Jones je? Yule ni mzaliwa wa Cincinnati, hana babu Wau wala Bor.

OTIENO: FIBA inaruhusu mmoja aliyepewa uraia. Kila mtu anafanya hivyo.

MWANAISHA: Najua kanuni. Nasema tu, mchezaji wao hodari kuliko wote ndiye asiyetoka kwao. Mimi inanikera kidogo. Wewe haikukeri?

OTIENO: Ilinikera mpaka nilipomwona Lille, kule Ufaransa, wakati wa wimbo wa taifa.

MWANAISHA: Eleza, maana wengine hawakuona.

OTIENO: Tarehe 28 Julai 2024, mechi yao ya kwanza ya Olimpiki, Puerto Rico tena. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha chapati Kayole, runinga iko juu ya friji, majirani wa Sudan Kusini wamejaa mpaka nje. Timu zinajipanga. Wimbo unaanza. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama wima, kofia mkononi, akageuka kumtazama mwenzake. Akairudisha kofia kichwani.

MWANAISHA: Ulikuwa wimbo wa Sudan.

OTIENO: Wa Sudan! Wa ile nchi waliyopigana nayo miongo na miongo ili waachane nayo. Wakaukatiza, kimya, uwanja unazomea, kisha uwanja huo huo ukaanza kuwapigia makofi wachezaji. Wamesimama tu, mkono kifuani, Carlik Jones naye yumo. Wanangoja wimbo wao utafutwe. Ulipopigwa, yule mzee akavua kofia tena. Waandaaji waliomba radhi baadaye, sawa, lakini radhi bora ilikuwa matokeo: 90 kwa 79.

MWANAISHA: Kisha wakafungwa na Marekani 103 kwa 86, na Serbia 96 kwa 85, wakaishia makundi.

OTIENO: Wakaishia makundi, lakini kwenye benchi lao kulikuwa na mtoto wa miaka 17, Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek aliyekulia Kawempe, Kampala. Mwaka uliofuata akachaguliwa wa 10 NBA, yuko Phoenix Suns.

MWANAISHA: Waganda nao wanasema ni wao.

OTIENO: Wacha waseme, foleni ni ndefu. Lakini sisi tuna wetu. Bul Kuol, yule mtupaji. Wazazi wake walimpata Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kabla familia haijaenda Australia.

MWANAISHA: Kakuma ya Turkana.

OTIENO: Kaunti ya Turkana, Jamhuri ya Kenya. Morans hawajawahi kucheza Olimpiki hata mara moja. Mtu aliyezaliwa Turkana amecheza.

MWANAISHA: Kwa jezi ya wale waliokutoa Kigali.

OTIENO: Kwa pointi mbili, Mwanaisha. Pointi mbili.

MWANAISHA: Jamani, huyu hajatema kitu. Tukutane wiki ijayo.