Sukari ya Johnny: Mhadhara Kuhusu Mlima Denali

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, na vijana hamjambo. Walionisikia kabla ya leo wanajua naanzia wapi, na naona wengine wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Kileleni tutafika, lakini naanza na sukari.

Mwaka 1913 watu wanne walifika juu ya Denali kule Alaska, mita 6,190, mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini. Padri Hudson Stuck, Harry Karstens, Robert Tatum na Walter Harper. Hao wanajulikana. Wa tano ni Johnny Fredson, kijana Mgwich'in, kabila la wenyeji wa Alaska, aliyetoka shule ya misheni. Yeye aliachwa kambi ya chini, peke yake na mbwa wa kukokota sleji. Mwenzake Esaias George alikuwa amesharudishwa nyumbani.

Sasa sikilizeni. Huko juu kwenye barafu, njiti moja ya kiberiti iliunguza mahema na sehemu ya chakula, sukari na maziwa ya unga vikiwamo. Mbele yao ukingo wa kupandia ulikuwa umevurugwa na tetemeko la 1912, mabonge ya barafu yamelaliana kama matofali ya nyumba iliyobomoka. Walichonga ngazi kwa shoka muda wa wiki 3. Wiki 3! Huku nyuma Johnny anawinda, analisha mbwa, anahesabu siku. Zilifika 31. Hana redio, hana habari, hajui kama wako hai. Waliposhuka, wamekonda, nyuso zimeungua kwa jua na baridi, akawatolea chai. Na sukari. Fungu lake mwenyewe la sukari, hakulionja, alikuwa anawawekea wao.

Mtu mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, hiyo ni tabia njema tu, si historia ya kupanda mlima." Nikamuuliza: wewe umewahi kupanda? Akasema hapana. Basi nenda kawaulize wagumu wetu, wapagazi wa Kilimanjaro, wanaobeba kilo 20 za mtu mwingine, kama safari huhesabiwa kuanzia kileleni. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Purtscheller walipofika juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kambini kwenye baridi alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mtu wa pwani, wa minazi na joto, analinda hema kwenye theluji! Nani kati yenu amemsikia? Mkono mmoja. Asante, mama. Nilidhani hautakuwapo hata huo.

Naona bwana pale anataka kusema Kilimanjaro ni mita 5,895, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Mita 295, hesabu ninaijua. Lakini Denali iko nyuzi 63 kaskazini, karibu na Mzingo wa Aktiki, na huko hewa ya juu ni nyepesi kuliko kwetu kwa urefu uleule, kwa hiyo mapafu yanadhani mtu amepanda zaidi. Baridi yake siisemi. Wapagazi hakuna, mzigo unaukokota mwenyewe kwenye sleji.

Turudi kwa Walter Harper. Mama yake alikuwa Mkoyukon, kabila jingine la wenyeji wa Alaska, baba yake mhamiaji kutoka Ireland. Tarehe 7 Juni 1913 Karstens alimtanguliza, naye akawa binadamu wa kwanza tunayemjua kukanyaga kilele cha kusini, ndicho kirefu kati ya vilele viwili vya Denali. Kijana wa miaka 20. Mwaka 1918 akapanda meli Princess Sophia na mkewe, wiki chache tu baada ya harusi, akiwa njiani kwenda kusomea udaktari. Meli ilizama, hakuna abiria aliyepona.

Na huyohuyo Harper ndiye aliyeuona mti. Mti gani? Mwaka 1910 wachimba dhahabu wanne wa Fairbanks, mji wa Alaska, watu wasiojua kitu kinachoitwa mazoezi ya kupanda mlima, walibishana baa kisha wakaenda. Pete Anderson na Billy Taylor walibeba mti wa msprusi wa futi 14, mfuko wa maandazi na chupa ya chokoleti ya moto, wakapanda kilele cha kaskazini na kushuka kwa saa kama 18. Maandazi! Waliusimika huko wakitumaini utaonekana kutoka mjini. Haukuonekana. Kiongozi wao Tom Lloyd, ambaye hakufika, akasema wote wanne walifika, tena vilele vyote viwili. Uongo wa mmoja ukawafanya wawili wa kweli wasiaminike, mpaka Harper alipoinua macho na kusema auona, wakatoa darubini wakahakikisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kumsema Frederick Cook, aliyejidai amefika mwaka 1906 na picha ya kijilima kidogo, tumwache. Bradford Washburn na njia ya magharibi ya 1951, ndiyo inayotumiwa na wengi leo, tumwache. Naomi Uemura, Mjapani aliyepanda peke yake majira ya baridi mwaka 1984 na hakurudi, huyo naona uchungu kumwacha, lakini basi.

Jina, kwa dakika moja. Wakoyukon waliuita mlima ule kwa maana ya "ule mrefu". Mwaka 1896 mtafuta dhahabu mmoja akaupa jina la McKinley, mwanasiasa wa Ohio ambaye hakuwahi kutia mguu Alaska. Stuck aliomba kwa maandishi jina la wenyeji lirudishwe. Serikali ya Marekani ililirudisha 2015, ikaliondoa tena Januari 2025. Karatasi mliyopewa mlangoni imeandikwa Denali. Nilizichapa siku nyingi, kwa pesa yangu, na sichapi nyingine.