Mchana kwenye bistro ya mtaani, Paris

Jamani, hamjambo huko nyumbani? Leo nipo kwenye bistro, yaani mgahawa mdogo, mtaa wa 11 hapa Paris, na nataka mle na mimi chakula cha mchana.

Tazameni ule ubao mweusi ukutani. Menyu yote ni ile: vya kuanzia vitatu, vikuu vitatu, vitamu vitatu. Kesho unafutwa, unaandikwa mwingine. Ndipo ninapozipendea bistro hizi za kisasa. Mpishi anapika alichopata sokoni, kama mama lishe wetu wa Kariakoo: ukichelewa samaki kaisha, unakula kilichobaki. Mkiona mgahawa una jiko dogo na menyu ya kurasa kumi, jiulizeni vyakula vyote hivyo vimelala wapi.

Mambo haya yana mwanzo wake. Yves Camdeborde alikuwa akipika Crillon, hoteli ya kifahari kweli, chini ya Christian Constant. Mwaka 1992 akaondoka, akafungua La Régalade mtaa wa 14, pembeni ya jiji ambako kodi ni nafuu, akawapikia watu kwa ustadi uleule wa hotelini ila kwa bei wanayoiweza. Wenzake wakamfuata. Huku mtaa wa 11, Bertrand Grébaut alifungua Septime mwaka 2011, na kupata meza pale hadi leo ni kazi.

Hapa nilipo si maarufu hivyo, lakini oneni sahani hii! Liki, mboga ya jamii ya kitunguu, zimechemshwa zikalainika kabisa, juu yake siki, haradali na yai lililokatwa dogodogo. Mboga ya bei rahisi, na bado ningeagiza tena. Cha pili ni samaki. Ndugu zangu Waislamu, hapa nisikilizeni: ulizeni kabla ya kuagiza. Michuzi mingi ya Kifaransa hupikwa kwa mvinyo, na vipande vya nguruwe hujificha hata kwenye saladi na dengu. Mchuzi wa samaki huyu ulikuwa na mvinyo mweupe. Nikamwambia mhudumu, jikoni wakanitengenezea wa siagi na limau, bila kununa.

Bei? Mchana kuna kitu kinaitwa formule: cha kuanzia na kikuu, au kikuu na kitamu. Sehemu nyingi za aina hii ni kama euro 20 hadi 25. Usiku, jikoni ni walewale lakini bili inapanda sana, kwa hiyo mimi nawashauri mje mchana. Mkate ni bure. Maji pia, mkisema "une carafe d'eau". Ni ya bomba, safi, msikubali kuuziwa chupa kama hamuitaki. Na ada ya huduma imeshaingia kwenye bei, hamlazimiki kuacha bakshishi.

Mkiingia, "Bonjour" kwanza, ndipo muulize meza. Hilo wanalishika sana. Fikeni saa sita na nusu, maana saa nane jiko linafungwa na hakuna wa kuwabembeleza. Jumapili na Jumatatu bistro nyingi hazifunguliwi, na Agosti wenyewe wanakwenda likizo wiki kadhaa, kwa hiyo mnaokuja mwezi huo pigeni simu kwanza.

Haya, keki ya chokoleti hiyo inakuja. Ngoja nisogeze kamera muione.