Tope Linapelekwa Wapi? Mhadhara kuhusu kujitolea baada ya mafuriko

Ndugu Mwenyekiti, wenyeviti wa mitaa mliofika, walimu wangu, na ninyi wanafunzi mliojaa ukumbini mpaka wengine wamesimama mlangoni, nawasalimu nyote na ninawashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumze juu ya kujitolea katika usafi na ujenzi baada ya mafuriko. Baadhi yenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili mahali pengine, nami nitalirudia leo bila kusita, kwa sababu kila masika naliona kosa lile lile likitendwa na watu wenye nia njema kabisa. Kabla hujashika chepe katika nyumba ya mwenzako iliyoingiliwa na mafuriko, uliza swali moja: hili tope ninalolitoa humu ndani linapelekwa wapi?

Sitawasimulia upya yaliyotokea Hanang', mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023. Mliziona picha, na wengine mna ndugu kule. Mvua kubwa iliulowesha Mlima Hanang', wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, sehemu ya ubavu wake ikaachia, na tope lililochanganyika na mawe na magogo likashuka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, likafunika nyumba, maduka na barabara. Waliopoteza maisha, kwa hesabu ya serikali, walikuwa 89. Ninachotaka mkitazame ni kile kilichobaki chini baada ya mvua kukatika. Maji ya mafuriko huondoka yenyewe, hata kama yatachelewa, lakini tope hukaa pale pale likimsubiri mtu, na kila siku ya jua inayopita linazidi kukaza mpaka kazi ya chepe inageuka kuwa kazi ya sururu.

Wanajeshi walifika Katesh, polisi walifika, Msalaba Mwekundu ulifika, na mitambo ikaletwa kufungua barabara. Kazi ile ilikuwa kubwa na inastahili heshima yake. Lakini kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, hakiingii chumbani. Hakipiti katika uchochoro ulio kati ya nyumba mbili, wala hakijui kwamba chini ya lile tope lililojaa uvunguni mwa kitanda kuna sanduku la bati lenye vyeti vya watoto. Kazi ya ndani ya nyumba ni ya mikono, na mikono ya mwenye nyumba peke yake haitoshi, kwa sababu mwenyewe amefiwa, au yuko kambini na watoto, au ni mzee. Hapo ndipo mtu wa kujitolea anapohitajika, na hapo ndipo anapoweza kuleta msiba wa pili.

Niwaeleze niliyoyaona katika mtaa mmoja wa bondeni jijini Dar es Salaam, ambao sitautaja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, mto ukapanda, na asubuhi nyumba zote za upande wa chini zilikuwa na tope linalofika magotini. Siku ya pili likaja kundi la vijana wenye fulana za rangi moja, wachangamfu, wenye nguvu, na waliimba tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Waliingia katika nyumba ya bibi mmoja mjane wakakitoa kila kitu: magodoro, vyungu, gunia la mkaa lililokwisha kuwa uji mweusi, na tope ndoo kwa ndoo. Sakafu ikaonekana. Bibi akalia kwa furaha, picha zikapigwa, vijana wakaondoka na baraka zake. Na tope lote lile, pamoja na magodoro yake, lilikuwa limemwagwa mtaroni, hatua chache kutoka mlangoni, kwa sababu mtaro ndio ulikuwa karibu na ulikuwa mtupu.

Mnajua kilichofuata. Siku chache baadaye ilinyesha mvua ya kawaida tu, mvua ambayo mwaka mwingine isingemnyima mtu usingizi. Maji yakashuka na mtaro, yakakutana na lile rundo la tope na sponji za magodoro, yakapanda juu na kurudi kule kule yalikotoka. Nyumba ya bibi ikajaa tena, na safari hii maji yakaingia pia katika nyumba za majirani wawili ambao mafuriko ya kwanza hayakuwagusa. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani aliyekuwa amehifadhi nguo za wateja sakafuni, akiamini kwamba hatari imekwisha. Zile nguo hazikuwa zake, na wenyewe walikuja kuzidai. Kundi lile halikurudi, na sidhani hata kama lilipata habari.

Sisemi wale vijana walikuwa wabaya. Nasema hawakuuliza, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Kijana mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, na swali lake nalijua, kwa maana naulizwa kila mahali: mtu amekaa nje na watoto wake, wingu limetanda, halafu sisi tukae kikao cha kutafuta dampo? Ndiyo, mkae. Nusu saa inatosha. Mtafuteni mjumbe, mtafuteni mzee anayejua maji ya mtaa huo hupita wapi, hata kama ramani haionyeshi kitu, nanyi mwulizeni ni kiwanja gani kilicho wazi, kilicho mbali na mto na mtaro, ambacho lori linaweza kukifikia. Tope liwekwe huko. Kama hakuna toroli, pangeni mstari wa watu na makarai yapite mkononi. Mtasafisha nyumba chache zaidi kwa siku, na zile mlizosafisha zitabaki safi.

Anayeona kwamba nakuza jambo dogo na akumbuke Mai Mahiu, kule Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Mwanzoni watu wengi walidhani bwawa limepasuka. Wizara ya Maji ya Kenya ikaeleza kwamba njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na udongo, mawe na miti, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka likashindwa kuyahimili. Makumi ya watu walikufa wakiwa wamelala. Simfananishi mtu yeyote wa kujitolea na janga lile, wala sisemi kuna aliyeziba njia ile kwa mkono wake. Nasema tu kwamba njia ya maji iliyozibwa huua, na kalvati la mtaani kwenu linafuata kanuni ile ile.

Wapo pia wanaoniambia kwamba hii ni kazi ya halmashauri, ndiyo yenye malori, na raia hana haja ya kujiuliza maswali ya mipango. Malori ni ya halmashauri, kweli, na tuyadai. Lakini hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa na kushuka hadi kwetu huku chini, na kamati ya chini kabisa inaundwa na watu mnaokutana nao sokoni na msikitini na kanisani. Kundi la kujitolea likifika lijiandikishe kwao: ni watu wangapi, lina vifaa gani, litakaa siku ngapi. Wenyeviti mliopo hapa, nami nawauliza ninyi kwa heshima zote: kamati zenu zilikutana lini mara ya mwisho? Kama jibu ni wakati wa mafuriko yaliyopita, basi tope la mafuriko yajayo litamwagwa mtaroni tena, na lawama haitakuwa ya vijana.

Sasa, ndani ya nyumba. Nyumba zetu nyingi za mabondeni na vijijini zimejengwa kwa tofali za udongo zisizochomwa, na ukuta wa namna hiyo ukilowa hadi kiunoni huenda unasimama kwa sababu tu tope la ndani na tope la nje yanausukuma kutoka pande zote mbili. Ukichota la ndani lote kwa haraka ukaliacha la nje, umeuondolea mhimili, na unaweza kukuangukia ukiwa umeinama. Punguzeni pande zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, na mmoja wenu asifanye kazi nyingine yoyote ila kuutazama ukuta na paa. Umeme uzimwe kwanza. Vaeni magambuti na glavu, kwa sababu ndani ya tope mna misumari, mabati na vioo msivyoviona, na mwenye jeraha aende zahanati siku hiyo hiyo kwa ajili ya pepopunda.

Vitu vya watu visitupwe bila mwenyewe kuviona. Hili nalisisitiza kwa uchungu, kwa sababu kwa mgeni kila kitu kilichopakwa tope ni takataka. Niliwahi kumwona mama mmoja akichambua rundo la taka nje ya nyumba yake iliyokuwa imesafishwa bila yeye kuwapo, akatoa kadi ya kliniki ya mtoto iliyogandamana na kipande cha kanga, akaitenganisha taratibu kwa kucha, akaianika juu ya jiwe na kukaa karibu yake isipeperushwe na upepo. Mtoto mwenyewe alikuwa amefariki katika mafuriko yale. Wekeni turubai moja pembeni, kila kinachofanana na karatasi, picha, simu, hati au nguo kiwekwe hapo, na mwenye nyumba ndiye aseme kipi kinakwenda dampo.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa, basi mengine nayapitia kwa haraka ingawa hayastahili haraka. Vyoo vya shimo vikifurika, kila tope la karibu ni la chooni, kwa hiyo maji ya kisima hayanywewi mpaka kisima kisafishwe na kutiwa dawa chini ya usimamizi wa mtu wa afya. Kipindupindu hakingoji. Kuhusu nguo za msaada, ulizeni kwanza kinachohitajika. Mara nyingi ni vifaa vya kupikia, madaftari na taulo za kike, na kila lori la nguo chakavu linahitaji watu wa kulichambua ambao wangekuwa wanachimba.

Ujenzi ulistahili mhadhara wake. Waathirika wa Hanang' walijengewa nyumba 109 katika eneo la Waret, nazo zilikamilika takriban mwaka mmoja baada ya janga. Fikirini mwaka huo mzima. Desemba ile kila mtu alitaka kwenda Katesh. Je, miezi minane baadaye, ni nani aliyekuwa akiuliza ni nani anahitaji msaada wa kuchanganya zege, kubeba mbao au kumchunga mtoto ili mama aende shamba? Tena msije mkawasema vibaya wanaorudi bondeni. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia za Jangwani na mabonde mengine ya Dar es Salaam zilipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na baadhi ya watu walirudi kule walikotoka kwa sababu riziki yao iko mjini na nauli ya kila siku ilikuwa inawamaliza. Anayejitolea kujenga awaulize kwanza watu hao watakula nini huko wanakohamishiwa, ndipo ahesabu mifuko ya saruji.

Kwa wale mliosema mnataka kuanza kabla masika hayajafika: daftari la majina liko mezani, mkono wangu wa kushoto. Andika jina, mtaa wako na unachokijua. Wabeba makarai tunao wengi. Tunaokosa ni waashi, mafundi bomba, mafundi umeme, watu wa afya, na yeyote mwenye toroli zima. Jumamosi tunaanza na kalvati la nyuma ya soko, ambalo limeziba tangu vuli, na wenyeviti wamekwisha kutuonyesha kiwanja litakapowekwa tope lake.