Karata Moja, Dakika Tatu: Kiinimacho cha Sherehe ya Klabu

Hamjambo, watazamaji. Desemba ndiyo hii, na vilabu vya mazingaombwe vinafunga mwaka kwa chakula na maonyesho. Sahani zikishatolewa, wanachama husimama mmoja mmoja mbele ya wenzao na familia zao. Ndivyo ilivyo katika matawi mengi ya International Brotherhood of Magicians, chama cha kimataifa cha wanamazingaombwe kilichoanzishwa mwaka 1922. Kama zamu yako imefika na wewe bado mchanga, usihangaike kuwashangaza wakongwe. Wale wameona yote. Lenga wake, waume na watoto waliokuja kula tu.

Chukua jozi ya karata 52, jokeri zitoe. Mpe mtu azichange mwenyewe apendavyo. Akikurudishia, zigonge mezani kana kwamba unazisawazisha, na papo hapo itupie jicho karata ya chini kabisa. Tazama mkono wangu: nimeziinamisha kidogo kuelekea kwangu, basi. Nimeona saba ya kopa. Ikariri kimoyomoyo.

Sasa zitandaze kifudifudi, achague moja ya katikati, awaonyeshe wa meza yake. Wewe geuka pembeni. Zilizobaki zikusanye bila kuzichanganya, nyanyua nusu ya juu uiweke mezani, na yeye aweke karata yake juu ya hiyo nusu. Ile nusu iliyobaki mkononi, yenye saba ya kopa chini, ifunike juu yake. Umeona? Saba ya kopa imeilalia karata yake.

Hapa mwache akate. Akate tena. Hata mtoto aliyekaa mbele naye akate. Watu huamini kukata ni kuchanganya, kumbe mzunguko wa karata haubadiliki. Panapobadilika ni pa kuanzia tu. Ila akianza kuchanga, mzuie kwa upole, maana zile mbili zitaachana. Kabla ya kuendelea, chungulia chini: ukiikuta saba ya kopa hapo, kata mwenyewe mara moja.

Sasa utamu. Anza kuzigeuza moja moja kutoka juu, zikipandiana kidogo ili kona za zote zionekane. Saba ya kopa ikitokea, inayofuata ndiyo yake. Leo ni tisa ya shupaza. Usisite, wala usimtazame usoni. Endelea kwa mwendo ule ule, tano au sita zaidi. Yeye ameshaiona ikipita, na wa meza yake wameanza kufinyana. Ukumbi mzima unajua umeboronga, na hapo ndipo unapowataka. Shika karata inayofuata, bado kifudifudi, useme: “Karata nitakayoigeuza sasa ndiyo yako. Unabisha?” Atabisha, tena kwa furaha. Mwache abishe mpaka wengine wamuunge mkono. Kisha rudisha ile ya mkononi, peleka mkono mezani, chomoa tisa ya shupaza, igeuze kifudifudi.

Mimi napenda kelele za hapo kuliko makofi ya kiinimacho chochote cha njiwa.

Kuna atakayeniuliza mbona naanika siri. The Magic Circle, chama cha wanamazingaombwe cha London kilichoanzishwa 1905, ni wakali kweli kweli kuhusu siri. Lakini mbinu hii imo katika vitabu vya wanaoanza tangu zamani, na wenzako klabuni wataitambua pale tu utakapozigonga karata. Hawatasema. Watakachopima ni jinsi unavyomchezesha aliyechagua: usimfanye mjinga, mfanye aone ameshinda.

Jizoeze zaidi ule mtupo wa jicho, mbele ya kioo, huku ukizungumza. Ukinyamaza wakati wa kuchungulia, watu huangalia mikono.

Wataomba urudie. Usirudie kwa watu wale wale, kwa sababu safari hii wataangalia ni karata gani inayotangulia ya kwao. Rudisha jozi kwenye pakiti yake, umpishe anayefuata.