Tangu Lini?

Ahsante, mwenyekiti. Wale mlionisikia kabla ya leo mnajua nitakachosema, na nimeona wawili watatu pale nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitaacha kuuliza "tangu lini?" siku nitakapomaliza mwezi mzima bila kuletewa mzee aliyecheleweshwa.

Nimepangiwa kuzungumzia virusi vinavyoshambulia ubongo na mishipa ya fahamu kwa wazee. Nina slaidi 40 na hatutazimaliza, kwa sababu naanza na mzee mmoja, na mzee huyu huwa ananila muda.

Ana miaka 71, fundi saa mstaafu. Jumanne asubuhi alikaa mezani na mjukuu wake wakafanya hesabu. Jioni akauliza ni nani anaunguza manyoya. Hakuna aliyekuwa akiunguza kitu. Akazunguka jikoni, akafungua dirisha, akarudi, akauliza tena. Jumatano akavaa shati juu ya sweta, na binti yake akaitwa kwa jina la shangazi yake aliyekwisha kufariki. Binti akasikitika, akamrekebisha, akaenda kazini. Alhamisi wakampeleka hospitali. Alipigwa picha ya CT, ikatoka safi. Alipimwa mkojo, ukaonekana una bakteria. Akarudishwa nyumbani na antibayotiki, na kwenye karatasi yake pameandikwa: "Kuchanganyikiwa. Uzee. Maambukizi ya mkojo."

Hapa mnivumilie, maana hasira yangu haijaisha. Wazee wengi mkojo wao una bakteria mwaka mzima na hawaumwi chochote. Kuwakuta bakteria kwenye mkojo wa mzee ni kama kukuta vumbi juu ya kabati: hakukuambii kwa nini nyumba inaungua. Mkojo umewahi kusingiziwa mambo mengi, na aliyeusingizia huwa amelala fofofo nyumbani kwake mgonjwa anapoanza kifafa.

Huyu wetu alianza Jumamosi. Mkono wa kulia ukaanza kurukaruka, kisha mwili mzima, kisha akazimia. Ndipo akanifikia mimi. Nikawauliza nduguze swali langu moja: tangu lini? Binti akasema, "Daktari, siku hizi anasahausahau, umri tena." Mtoto wa kiume akasema, "Kama mwaka hivi." Aliyejibu sawasawa ni yule mjukuu, ambaye hakuna aliyemwuliza. Alikuwa amesimama mlangoni na begi lake la shule mgongoni. "Tangu Jumanne jioni. Asubuhi yake babu alinifundisha kutafuta kigawe kidogo cha shirika, na alipata zote."

Mtu aliyekuwa anatafuta kigawe kidogo cha shirika Jumanne asubuhi, akashindwa kuvaa shati Jumatano, hajazeeka kwa usiku mmoja. Uzee hauna saa ya kuanza. Hata maradhi ya kusahau ya uzeeni hunyemelea kwa miezi na miaka, na familia hubishana yalianza lini. Ukiweza kutaja siku, tafuta ugonjwa. Na kama mzee alikuwa tayari ana maradhi ya kusahau, swali ni lilelile: alikuwa anasahau vipi wiki iliyopita, na leo ni vipi?

Kipimo cha MRI, picha inayoonyesha ubongo kwa undani, kilionyesha ubongo umevimba upande wa kushoto, usawa wa sikio. Sehemu hiyo ndiyo inayoshughulika na kumbukumbu na maneno, na jirani yake ndipo harufu zinapotambuliwa. Manyoya yale yalikuwa yanaungulia humo. Maji ya uti wa mgongo, yaliyovutwa kwa sindano, yakatoa jina: herpes simplex aina ya 1. Ndiyo, virusi vilevile vinavyoleta vidonda vya homa pembeni mwa mdomo.

Nawaona mnaojigusa midomo. Tulieni. Watu wazima walio wengi duniani tunatembea navyo, na wanaopata homa ya ubongo kwa sababu ya virusi hivi kwa mwaka ni wachache mno, hawafiki kumi katika kila watu milioni moja. Ila waliovuka miaka 50 wamo katika kundi linaloshikwa zaidi.

"Lakini hakuwa na homa!" Hilo nalo naambiwa kila mara, na wauguzi ninaofanya nao kazi ndio vinara. Mwili wa mzee haupandi joto kama wa kijana. Ambaye kawaida yake ni 36.2, akifika 37.5 amepanda, japo chati inasema yuko sawa. Halafu muulizeni anameza nini kwa ajili ya magoti. Parasetamo asubuhi na jioni? Basi hiyo homa mtaiona wapi?

"Kwa hiyo daktari, kila mzee anayepoteza miwani tumchome sindano ya mgongo?" Hapana. Mwenye miwani aachwe na miwani yake. Naongelea aliyebadilika ndani ya saa au siku: tabia, maneno, usingizi, anaona au ananusa visivyokuwepo, amepata kifafa kwa mara ya kwanza uzeeni. Wengine kati yao mtakuta ni sukari, ni dawa mpya, ni nimonia, ni kiharusi. Sawa kabisa, hayo yote yanatafutwa. Ninachokataa ni kuandika "uzee" halafu kufunga faili.

Na kuhusu sindano yenyewe, maana najua minong'ono: "Fulani alichomwa mgongoni akapooza." Uti wenyewe, ule mkia wa ubongo, kwa mtu mzima huishia karibu na pingili za kwanza za kiuno. Sindano huingia chini ya hapo, kwenye maji yenye nyuzi za neva zinazoelea, nazo hupisha kama nyuzi kwenye beseni. Anayepooza baada ya sindano, mara nyingi alikuwa anakwenda kupooza kwa ugonjwa uliofanya achomwe. Sindano ilikutwa tu eneo la tukio.

Kwa nini nakazania siku? Kwa sababu dawa ipo, asiklovia. Kabla ya dawa, takriban 70% ya wenye ugonjwa huu walikufa. Asiklovia ilipolinganishwa na dawa iliyoitangulia, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986, waliokufa walikuwa 28% kwa asiklovia na 54% kwa ile ya zamani. Gertrude Elion, mtafiti wa dawa ambaye kazi yake ndiyo iliyotufikisha kwenye dawa hii, alipata Nobel mwaka 1988. Inatolewa kwa mshipa kila baada ya saa nane, siku 14 hadi 21, na inaanzishwa kwa kushuku. Hatusubiri majibu. Hata majibu yenyewe siku tatu za mwanzo yanaweza kutoka safi wakati virusi vimo. Ukiwa bado unashuku, unarudia.

Kwa wazee kuna mtego. Asiklovia hutoka kupitia figo, na figo za mzee zimechoka. Mgonjwa asipopewa maji ya kutosha, dawa hujenga fuwele humo, na ikijilimbikiza mwilini huleta kuchanganyikiwa kulekule unakokutibu. Kwa hiyo figo zinapimwa, dozi inakatwa kulingana nazo.

Huwa naulizwa kama yule mzee alipona. Alirudi nyumbani. Saa ya ukutani bado anaitia ufunguo mwenyewe kila asubuhi, kisha anarudi kuitia tena, kwa kuwa ile ya kwanza haikumbuki. Mjukuu sasa ndiye anayemzuia, kwa upole, ili springi isikatike.

Mwenyekiti ananionyesha mkono. Dakika ngapi? Nne! Haya.

Mkanda wa jeshi. Ni tetekuwanga ya utotoni iliyojificha kwenye neva miaka yote, inayoamka kinga inapochoka. Karibu mtu mmoja katika kila watatu atauona maishani. Upele ukipanda kwenye paji au puani, jicho liko hatarini, nendeni siku hiyohiyo. Maumivu yanaweza kubaki miezi baada ya upele kukauka, na virusi hivi vinaweza pia kuvamia mishipa ya damu ya ubongo na kuleta kiharusi. Chanjo ipo, dozi mbili, kuanzia miaka 50. Utafiti wa Wales uliochapishwa 2025, juu ya chanjo ya zamani ya ugonjwa huu, umeonyesha kuwa waliopewa walipata maradhi ya kusahau kwa uchache, pungufu ya karibu moja ya tano. Nilikuwa na slaidi sita za hilo, ni tamu, zitabaki kwangu.

Virusi vya West Nile: vilitambuliwa Uganda mwaka 1937, mbu ndiye mbebaji, vikalipuka New York mwaka 1999. Wengi hawahisi chochote. Wanaoshikwa ubongo ni karibu mmoja kati ya 150 walioambukizwa, na hatari hupanda kwa umri. Dawa mahususi hakuna, chandarua kipo.

Kichaa cha mbwa tunakiruka. Taa ziwashwe, tuje kwenye maswali. La sindano ya mgongo nimeshalijibu, na bado naona mikono mitatu.