Ritifaa ni Sehemu ya Jina

Mmenialika niseme juu ya UTF-8, njia ya kompyuta ya kuhifadhi herufi za lugha zote, nanyi watengenezaji wa programu mnaitumia kila siku, kwa hiyo sitawarudisha kwenye biti na baiti. Nawapeleka kwenye dirisha la mapokezi la hospitali moja hapa Nairobi. Nilimpeleka shangazi, ambaye jina lake la mwisho ni Ng'ang'a. Karani akachapa jina, akasema hayumo. Kadi tunayo mkononi, mgonjwa amesimama mbele yake, hayumo! Tukakaa kwenye benchi hadi saa nane mchana, ndipo kijana mmoja akatafuta kwa nambari ya kitambulisho na faili likatokea. Jina ni lilelile. Ila lilikuwa limechapwa kwanza kwenye programu ya kuandikia barua, na programu hizo hupinda ritifaa, ile alama ya ' ndani ya Ng'ang'a, zenyewe. Karani alibonyeza ritifaa iliyonyooka. Kwa jicho ni alama moja. Kwa kompyuta ni mbili: katika Unicode, orodha inayoipa kila herufi nambari yake, iliyonyooka ni U+0027, imo kwenye ASCII, orodha ya zamani ya herufi za kompyuta, tangu 1963, iliyopinda ni U+2019, na katika UTF-8 inakula baiti tatu. Hakuna aliyeiambia mashine izihesabu kuwa moja.

Kuna atakayesema, basi aandike Nganga yaishe. Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na sikubali. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ondoa ritifaa, umebaki na ngoa, yaani wivu. Ile ni sauti, si pambo.

Mwingine atasema ritifaa huvunja hifadhidata. Haivunji! Kinachovunja ni programu inayobandika jina la mtu ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kisha ritifaa ikadhaniwa ndio mwisho wa maneno. Jina lipitishwe kando ya amri, kama kigezo. Dawa hiyohiyo huwazuia wadukuzi, kwa hiyo mlipaswa kuwa nayo tayari.

Kiswahili kimetuzoesha vibaya, maana kinaenea karibu chote katika nafasi 128 za ASCII. Kikuyu na Kikamba vina ĩ na ũ. Soma UTF-8 kwa msimbo wa zamani wa Ulaya Magharibi, Gĩkũyũ inageuka GÄ©kÅ©yÅ©. Tena ĩ huhifadhiwa kwa njia mbili, kama herufi moja au kama i na alama yake kando, kwa hiyo sawazisheni kwa NFC, kanuni ya Unicode inayoziunganisha kuwa moja, kabla ya kulinganisha. NFC haigusi ritifaa. Hiyo itungieni kanuni wenyewe.

Kiswahili cha hati za Kiarabu sitakifikia, mwenyekiti ananionyesha saa. Kabla hamjatoka, fungueni fomu mliyoitengeneza, mjaze Ng'ang'a kwa ritifaa iliyonyooka, kisha mlitafute kwa iliyopinda.